Mizani ya Kuazima: Sumukuvu, Polima za Chapa na Haki ya Kujipimia

Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilisitisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda, kwa maelezo kwamba yalikutwa na sumukuvu kupita kiwango kinachokubalika. Malori yakapanga foleni Namanga. Kwa siku kadhaa hatukuzungumza jambo jingine: wapo waliosema ni hujuma ya kibiashara, wapo waliolalamika kwamba ujirani mwema umevunjwa, na wapo waliotaka tulipize kisasi. Zuio lenyewe halikudumu. Liliondolewa kwa masharti, na mojawapo lilikuwa kwamba kila shehena iambatane na cheti kinachothibitisha kuwa sumukuvu iliyomo haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Malori yakavuka, nasi tukahamia kwenye mjadala mwingine.

Kwa maoni yangu tulihama mapema mno. Katika ugomvi ule wote ni wachache waliouliza swali ambalo kwangu ndilo la msingi: hizo sehemu 10 kwa bilioni hupimwaje, nyenzo za kuzipimia hutoka wapi, na kwa nini mataifa yanayoishi kwa mahindi yasiwe na uwezo wa kuzitengeneza? Mimi ni mwalimu wa kemia, ingawa wasomaji wa ukurasa huu wamenizoea nikiandika juu ya Katiba, ajira na bajeti. Leo naomba niwaingize maabara. Nataka kuwaonyesha mbinu moja ya kisayansi ambayo haijapata kutajwa katika siasa zetu, kisha nieleze kwa nini inastahili kutajwa.

Tuanze na ukubwa wa tatizo. Sumukuvu aina ya aflatoksini hutengenezwa na ukungu wa jamii ya Aspergillus, ambao hustawi kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine zisizokaushwa au kuhifadhiwa vizuri. Ilianza kujulikana kisayansi mwaka 1960 huko Uingereza, baada ya zaidi ya batamzinga 100,000 kufa kwa kula chakula kilichochanganywa na mashudu ya karanga. Kwa binadamu, aina yake iitwayo B1 imethibitishwa kusababisha saratani ya ini, na hatari huongezeka maradufu na zaidi kwa mtu mwenye homa ya ini aina ya B. Ikiliwa kwa wingi kwa muda mfupi, huua ndani ya siku au wiki chache. Mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake nchini Kenya, waliougua walihesabiwa kuwa 317 na waliofariki 125. Mwaka 2016 zamu ikawa yetu: katika mikoa ya Dodoma na Manyara walihesabiwa wagonjwa 68, na 20 kati yao wakapoteza maisha. Wengi wao walikuwa wamekula mahindi waliyoyalima wenyewe, mahindi ambayo hayakupita mpaka wowote wala mikononi mwa mkaguzi yeyote.

Sasa tazama udogo wa kinachotafutwa. Kiwango cha juu cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo, na mikrogramu 5 kwa aina ya B1 peke yake. Lori lililobeba tani 30 za mahindi hufikia kiwango hicho likiwa na gramu 0.3 tu za sumu, kiasi kinachoweza kubanwa kati ya vidole viwili kama chumvi. Hiyo gramu 0.3 haikai mahali pamoja. Imetawanyika katikati ya wanga, mafuta, protini na rangi za nafaka, vitu ambavyo ni vingi kuliko sumu yenyewe kwa mamilioni ya mara. Kwa hiyo kazi ngumu kuliko zote si kusoma mashine. Ni kuitenga sumu kutoka kwenye halaiki hiyo kabla mashine haijaisoma. Anayeweza kutenga, anaweza kupima. Asiyeweza kutenga ataletewa namba na mwingine, naye ataipokea kama alivyoletewa.

Maabara nyingi leo hutenga kwa kingamwili. Kingamwili ni protini ambazo miili ya wanyama hutengeneza ili kuwatambua wavamizi, na wanasayansi wamejifunza kuzizalisha kwa seli zinazofugwa maabara. Kingamwili zinazoitambua aflatoksini hugandishwa ndani ya kijibomba kidogo cha plastiki. Dondoo la mahindi likimiminwa humo, sumu hunaswa na uchafu hupita. Ni mbinu nzuri na sina ugomvi nayo. Lakini ina tabia tatu ambazo mtumishi wa umma anapaswa kuzifahamu. Kwanza, protini ni kitu dhaifu, hivyo vijibomba hivyo kwa kawaida huhifadhiwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na umeme ukikatika muda mrefu uaminifu wake hushuka. Pili, kwa kawaida kila kimoja hutumika mara moja na kutupwa. Tatu, sisi huvinunua nje kwa fedha za kigeni, navyo vina tarehe ya kuisha muda. Maabara inaweza kuwa na mashine ya thamani kubwa na mtaalamu mahiri, na bado ikasimama kwa sababu kijibomba hakijafika.

Hapo ndipo inapoingia mbinu ninayotaka kuitambulisha. Kwa Kiswahili nitaiita polima zenye chapa ya molekuli, au kwa ufupi polima za chapa. Wazo lake mtu yeyote aliyewahi kuona ufunguo ukichongeshwa kwa hila atalielewa mara moja. Mtu hukandamiza ufunguo kwenye kipande cha sabuni, akauondoa, na sabuni ikabaki na umbo la meno yake. Polima za chapa hufanya hivyo hivyo kwa molekuli. Tofauti ni kwamba alama inayobaki si ya umbo tu: ndani ya kishimo hubaki pia sehemu za kushikia, zikiwa zimepangwa mahali hasa ambapo molekuli ile ilishikwa. Molekuli hiyo ikipita tena, hutambuliwa na kunaswa.

Namna ya kutengeneza haifichwi mahali popote. Imo katika majarida ya kemia tangu zamani. Chukua molekuli unayotaka itambuliwe, tuiite kiolezo. Iyeyushe katika kiyeyushi kama klorofomu au asetonitrili. Ongeza monoma, yaani molekuli ndogo zinazoweza kuungana kuwa mnyororo. Inayotumika zaidi ni asidi ya methakriliki, kwa sababu hushikana na vitu vingi kwa vifungo vya haidrojeni. Monoma hizo zitakizunguka kiolezo zenyewe, kama watu wanaomzunguka mgeni kumsalimu. Kisha ongeza kwa wingi kemikali ya kufungamanisha minyororo, ili kila mmoja agande pale alipokuwa amesimama. Uwiano uliozoeleka ni kiolezo 1, monoma 4, na kifungamanishi 20. Tia kianzishi, pitisha gesi ya naitrojeni ili kuifukuza oksijeni, ziba, na upashe joto la nyuzi 60 kwa saa 24. Utapata bonge gumu la plastiki. Lisage, lichekeche upate chembe za ukubwa unaolingana, halafu lioshe kwa saa nyingi kwa mchanganyiko wa methanoli na asidi asetiki, ile asidi inayoipa siki ukali wake, mpaka kiolezo kitoke. Kinachobaki ni unga mweupe wenye vishimo visivyoonekana kwa macho, kila kimoja kikiwa na kumbukumbu ya mgeni aliyeondoka.

Mwanafunzi makini huandaa pia unga wa pili kwa njia ile ile, ila bila kiolezo. Huo ndio shahidi. Ikiwa polima yenye chapa inanasa sumu zaidi ya ile isiyo na chapa, basi kumbukumbu ipo kweli. Ikiwa zinanasa sawa, hakuna chapa. Kuna plastiki tu.

Unga wa namna hiyo hauhitaji jokofu. Huvumilia asidi, viyeyushi vikali na joto linaloiharibu kingamwili yoyote, na ukioshwa vizuri unaweza kutumika tena mara nyingi. Vifaa vinavyohitajika kuutengeneza ni chupa za kioo, jiko la maji ya moto, mtungi wa naitrojeni, kinu, chekeche na mfumo wa kuoshea. Baada ya bonge la kwanza kusagwa zimekuja njia za kisasa zaidi: kuziotesha chembe zikiwa tayari duara katika kiyeyushi kingi, ili kuepuka usagaji unaopoteza sehemu kubwa ya kazi, kuichapa molekuli kwenye ngozi ya juu tu ya chembe za silika, ili inase na kuachia upesi, na kukifunga kiolezo kwenye vipande vidogo vya kioo, polima ikaoteshwa juu yake na kubanduliwa kwa joto, huku kiolezo kikibaki tayari kwa mzunguko mwingine. Nyingi kati ya njia hizi haziko mbali na uwezo wa idara ya kemia yenye walimu waliotulia na stoo isiyo tupu.

Historia ya mbinu hii nayo ina funzo kwa nchi changa kisayansi. Mwaka 1931 mkemia Polyakov aliripoti kwamba silika iliyokaushwa mbele ya kemikali fulani ilionyesha kuipendelea kemikali hiyo baadaye. Mwaka 1940 Linus Pauling, mmoja wa wakemia wakubwa wa karne iliyopita, alipendekeza kwamba mwili hutengeneza kingamwili kwa kujifinyanga kumzunguka mvamizi. Mwaka 1949 Frank Dickey, aliyefanya kazi naye, akajaribu wazo hilo kwa silika na rangi iitwayo methili ya chungwa, na silika ikaikumbuka rangi. Baadaye ilibainika kwamba Pauling hakuwa sahihi kuhusu mwili. Kingamwili hazifinyangwi hivyo. Lakini dhana iliyokosea kuhusu mwili ilikuwa imezaa mbinu inayofanya kazi kwenye chupa. Mwaka 1972 Wulff na Sarhan nchini Ujerumani waliihamishia kwenye polima, na mwaka 1981 Arshady na Mosbach, katika kazi iliyotoka Lund, Sweden, wakaonyesha njia rahisi isiyohitaji kukifunga kiolezo kwa vifungo vya kudumu, ndiyo hii niliyoieleza hapo juu. Mwaka 1993 kundi la Mosbach likachapisha katika jarida la Nature kipimo cha dawa za theofilini na diazepamu kilichotumia polima za chapa mahali pa kingamwili, na majibu ya theofilini yakalingana vizuri na ya kipimo kilichokuwa kikitumika hospitalini.

Angalia urefu wa safari hiyo: kutoka kwa Polyakov hadi jarida la Nature ni miaka 62. Hakuna serikali iliyoamka asubuhi na kuamuru polima za chapa zipatikane kabla ya uchaguzi. Palikuwa na watu walioachwa wafanye kazi, wakilipwa, wakiwa na stoo yenye kemikali, hata pale dhana yao ilipokuwa na kasoro. Sisi tunataka utafiti utoe jibu ndani ya mwaka mmoja wa fedha, kisha tunashangaa kwa nini vyuo vyetu vinazalisha ripoti na haviundi vitu.

Turudi kwenye sumukuvu, maana hapo ndipo ufundi wa mbinu hii unapoonekana. Ukitaka polima inayoitambua aflatoksini, kitabu kitakuambia uitumie aflatoksini yenyewe kuwa kiolezo. Lakini aflatoksini ni ghali mno na ni hatari kwa anayeishika. Zaidi ya hapo, hata uoshe vipi, masalia kidogo ya kiolezo hubaki ndani ya polima na kuvuja polepole. Nawe ukipima mahindi safi, uvujaji huo utayaandikia sumu ambayo hayakuwa nayo. Mkulima ataadhibiwa kwa uchafu wa maabara. Wakemia wamelitatua tatizo hilo kwa kutumia kiolezo mbadala, molekuli inayofanana na sumu bila kuwa sumu ile. Kwa aflatoksini mojawapo iliyotumiwa ni 5,7-dimethoksikumarini, ambayo umbo lake linafanana na sehemu ya molekuli ya aflatoksini. Kishimo chake huipokea aflatoksini, na hata kiolezo kikivuja, mashine hukitofautisha na sumu yenyewe. Katika uamuzi huo mdogo wa kiufundi kuna haki ya mkulima: namba inayoandikwa kwenye cheti itoke kwenye mahindi yake na si kwenye chombo cha mpimaji.

Sasa nije kwenye hoja zitakazoletwa dhidi yangu, na baadhi ni nzito.

Ya kwanza ni ya mwanauchumi. Atasema: ikiwa vijibomba vinauzwa, vinunue, kila taifa lifanye linachokimudu. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama kipimo kingekuwa bidhaa kama viatu. Sivyo. Kipimo ni mamlaka. Anayepima ndiye anayeamua ni shehena ipi ivuke na ipi irudi, na shehena ikirudi haipotei hewani. Hurudi sokoni kwetu, mashineni kwetu, na hatimaye mezani kwa wale wasiokuwa na cheti wala wa kuwadai cheti. Taifa linaloweza kupima shehena zake za nje tu, kwa sababu vipimo ni ghali na mnunuzi wa nje ndiye anayevidai, limekubali bila kutamka kwamba afya ya mnunuzi ina thamani kuliko afya ya mkulima. Hilo si kosa la kiufundi. Ni uamuzi wa kisiasa uliofichwa ndani ya bei ya kijibomba.

Hoja ya pili ni ya mwanaharakati, nami naiheshimu. Atasema kwamba kupima hakukaushi mahindi; mkulima anahitaji maturubai, vihenge bora na mifuko isiyopitisha hewa kabla ya kuhitaji polima. Ni kweli kabisa. Lakini tujiulize: mkulima aliyekausha vizuri na yule aliyeanika ardhini wanalipwa bei ipi sokoni? Bei moja, kwa kuwa mnunuzi hana namna ya kuwatofautisha. Pasipo kipimo cha bei nafuu karibu na ghala la ushirika, bidii ya kukausha haina malipo, na ushauri wa bwana shamba hubaki kuwa mahubiri. Kipimo na turubai si washindani. Kipimo ndicho kinacholipa deni la turubai.

Ya tatu ni ya mwanasayansi mwenzangu, nayo ndiyo kali zaidi. Atasema kwamba nimezisifu mno polima hizi. Vishimo vyake havilingani, vingine vikishika kwa nguvu na vingine kwa ulegevu. Nyingi zilizotengenezwa katika viyeyushi vya mafuta hufanya kazi vibaya ndani ya maji, kwa kuwa maji nayo hugombea vifungo vile vile vya haidrojeni. Uteuzi wake mara nyingi hauifikii kingamwili bora. Na miaka mingi baada ya makala zile za mwanzo, bidhaa zilizofika sokoni ni chache ukilinganisha na wingi wa makala. Yote hayo ni ya kweli, na mwanafunzi anayetaka kuingia katika fani hii ayafahamu kabla hajaandika pendekezo lake. Ndiyo maana sisemi polima za chapa ziondoe kingamwili kesho, wala sisemi kwamba zinatosha peke yake. Baada ya kutenga bado utahitaji mashine ya kusoma. Na kabla ya kutenga utahitaji sampuli nzuri, jambo ambalo katika mahindi ndilo chanzo kikubwa cha makosa, kwa kuwa punje chache zenye ukungu mwingi zinaweza kujificha katika gunia zima na mkaguzi akachota pembeni. Hakuna polima itakayomrekebisha mkaguzi mvivu.

Ninachosema ni hiki: kati ya nyenzo zote za upimaji wa sumukuvu, hii ni miongoni mwa chache ambazo tunaweza kuzitengeneza wenyewe kwa vifaa vya kawaida, kuzihifadhi bila jokofu katika wilaya ambazo umeme haujatulia, na kuziboresha hatua kwa hatua kadiri tunavyojifunza. Mashine kubwa za kusomea zitaendelea kununuliwa nje kwa muda mrefu. Kemikali nyingi za kuanzia pia zitatoka nje, na sitaki mtu anielewe kwamba nadai kujitosheleza kwa kila kitu. Lakini upo umbali mkubwa kati ya kununua chupa ya monoma ambayo haina mwenyewe mmoja duniani na kununua kijibomba kilichokamilika, ambacho ujuzi wake wote umebaki kwa muuzaji. Katika ununuzi wa kwanza fedha hutoka na ujuzi hubaki. Katika wa pili, vyote viwili hutoka.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilionya dhidi ya kuzifanya fedha kuwa msingi wa maendeleo, hasa fedha za watu wengine. Wengi wetu tulilikariri shuleni na kulisahau kazini. Ukitazama namna maabara zetu za umma zinavyojengwa, utaona onyo lile bado lina kazi. Mfadhili huleta jengo na mashine, utepe hukatwa, mafunzo ya wiki mbili hutolewa, mradi hufungwa. Kisha vitendanishi huisha, na fundi wa maabara, ambaye mkataba wake ulikuwa wa mradi, huondoka. Simlaumu mfadhili, kwani alitimiza alichoahidi. Namlaumu yule aliyepanga bajeti ya kupokea maabara bila kupanga bajeti ya kuwa na wataalamu wa kuilisha.

Nchi za Afrika zilikubaliana tangu Mpango wa Lagos wa mwaka 1980, na zikarudia Khartoum mwaka 2006, kwamba zielekeze angalau asilimia 1 ya pato la taifa kwenye utafiti. Nchi nyingi hazijaitimiza ahadi hiyo. Wabunge huuliza barabara zimefika kilomita ngapi, na ni haki yao kuuliza. Ni nadra kumsikia mbunge akiuliza idara za kemia za vyuo vya umma zilipata kiasi gani cha viyeyushi mwaka uliopita. Lakini bila viyeyushi hakuna utafiti wa kemia. Kuna somo la historia ya kemia.

Napendekeza mambo matatu, na nimejitahidi yawe ya kiasi ambacho afisa wa wizara anaweza kuyaandika kwenye dokezo moja.

Kwanza, vyuo vyetu vyenye idara za kemia vigawane kazi badala ya kurudia. Leo kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho na wa uzamili huchagua mada yake, huifanya kwa miezi michache, huifunga kwenye jalada gumu na kuipeleka maktaba kupata vumbi. Hebu tuchukue shabaha moja, aflatoksini B1 katika mahindi, na tuigawe: kundi moja lijaribu violezo mbadala, jingine monoma, jingine utendaji ndani ya maji, jingine lihesabu polima inaweza kuoshwa na kutumika mara ngapi kabla ya kuchoka. Baada ya miaka mitano tutakuwa na mali ya pamoja. Mbinu hiyo hiyo ikishakomaa inaweza kugeuzwa kwa shabaha nyingine zinazotuhusu: mabaki ya viuatilifu kwenye mboga, mabaki ya dawa za mifugo kwenye maziwa, na hata zebaki kwenye maji ya maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, maana ayoni za metali nazo huchapwa.

Pili, Shirika la Viwango, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye dhamana ya usalama wa chakula Tanzania, liweke njia ya wazi ya kuithibitisha nyenzo ya kupimia iliyotengenezwa nchini. Njia hiyo isiwe ya upendeleo. Iwe ngumu kama ilivyo kwa bidhaa ya nje: sampuli zile zile zipimwe na maabara tofauti, kwa polima yetu na kwa kingamwili, na matokeo yachapishwe hata kama yanatuaibisha. Ila njia iwepo. Mtafiti asiyejua mlango wa kugonga hatimaye huandika makala ya kumpandisha cheo na kuiacha polima kabatini. Naye hana kosa, kwa kuwa cheo ndicho kitu pekee tulichomwekea njia.

Tatu, mafundi wa maabara wapewe ajira ya kudumu na ngazi ya kupanda. Polima za chapa, kama kazi zote za mikono yenye akili, hukaa kwenye vidole vya watu. Uoshe kwa muda gani, usage kwa nguvu kiasi gani, utambueje kwamba oksijeni haijatoka yote: hayo hayamo kamili kwenye makala yoyote. Mwalimu wa chuo huja na kuondoka kwa masomo na teuzi. Fundi ndiye kumbukumbu ya maabara, na tukimlipa kwa mikataba ya miezi sita tunaifuta kumbukumbu hiyo kila miezi sita.

Sijataja gharama kwa makusudi, kwa sababu sipendi kutupa namba ambazo sijazifanyia hesabu. Hata hivyo, hesabu yenyewe ni rahisi kuifanya kwa mwenye nyaraka. Ombi langu kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu ni hilo: itisheni orodha ya vifaa vya kupimia sumukuvu vilivyonunuliwa kwa miaka mitano iliyopita, jumlisheni, kisha muweke pembeni yake jumla ya fedha zilizokwenda kwenye utafiti wa kutengeneza nyenzo hizo nchini. Wanaharakati, idaini orodha hiyo; ni taarifa ya umma kama zilivyo taarifa za mikopo na mikataba. Wanafunzi wangu, na wa wenzangu, msisubiri orodha. Chupa ya kioo, mtungi wa naitrojeni na mwalimu wa kuwasimamia mnavyo. Bonge la kwanza litaharibika, na la pili huenda likaharibika pia. Andikeni kwa nini limeharibika, ili kundi la mwaka ujao lianzie hapo.